Vyumba Viwili vya Bweni

Aprili 4

Nimeachwa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu tangu jana nimekuwa nikilizunguka, na nimechoka kulizunguka.

Jana baada ya alasiri mume wangu Hilal alisimama kwenye mlango wa jiko. Mama yake alikuwa anapepeta mchele, mimi naosha vikombe. Akasema, "Nasma, nimekuacha talaka moja." Hakupaza sauti. Ungo wa Bi Thuwaiba ukasimama mikononi mwake. Hilal akatutazama sote wawili kwa uso wa mtu aliyevunja kitu cha watu, akatoka kwenda shambani kwenye minazi bila viatu.

Sababu ni simu. Siku ya pili ya Idi tulikuwa Kilindoni kwa ami yake, Mzee Hamad, tumezunguka sinia la biriani, msimamizi wangu wa chuo akapiga. Nikaweka spika kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na wali. Dkt. Mansuri akanipongeza mbele ya ukoo mzima: nimepata nafasi ya mwaka mmoja kwenye maabara ya fizikia ya ng'ambo, naanza Julai, na amefurahi kwamba nimekubali. Hilal ndipo alipojua kuwa niliomba. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia.

Nilipoanza kufunga mzigo wa kurudi kwetu Utende, Bi Thuwaiba aliniwahi mlangoni. "Huendi popote, mwanangu. Talaka moja ina rejea. Eda unakaa nyumbani kwa mumeo."

Aprili 5

Mvua tangu alfajiri. Chumba chetu kimebaki changu. Hilal kahamia chumba cha mkabala, penye magunia ya mbata na betri za sola. Katikati ni ukumbi, na ukumbini Bi Thuwaiba katandika mkeka wake, kaweka mto na tasbihi. Haifai mimi na Hilal kuwa faragha kabla hajanirejea kwa ulimi wake.

Akitamka tu "nimekurejea," yamekwisha. Nitakuwa mkewe tena, hakuna mahari mapya, hakuna kadhi. Mwalimu Hemedi wa msikitini katufafanulia: mwisho wa eda yangu ni hedhi ya tatu. Nikiiona kabla Hilal hajasema, ndoa imekufa.

Nataka aseme. Nina hasira naye, na nataka aseme.

Aprili 7

"Umeshamrejea?"

"Bado, Mama."

Ndiyo mazungumzo ya asubuhi hapa sasa. Yanakuja baada ya shikamoo na kabla ya chai. Mimi nipo jikoni, nasikia kila kitu.

Aprili 8

Mvua. Bado, Mama.

Aprili 10

Hedhi ya kwanza. Bado, Mama.

Aprili 14

Barabara ya Kanga imekatika, hakuna gari. Wingu zito, sola inanipa kompyuta kwa muda mfupi tu, basi nimekaa na sura ya tatu ya tasnifu yangu kichwani badala ya kwenye skrini. Nitaiandika hapa kwa maneno ya nyumbani, labda itanipunguzia mawazo.

Nukta ya kwanta ni kichumba kidogo mno kilichotengenezwa ndani ya nusu-kipitishi kama silikoni, kidogo kiasi cha kumtosha elektroni mmoja. Ukiweka nukta mbili jirani, na ukuta mwembamba katikati, elektroni hakai huku wala kule. Ukimwacha kwenye baridi kali na utulivu, anakuwa huku na kule kwa pamoja, na uzito wake unahama taratibu kutoka kichumba kimoja kwenda cha pili, ukirudi na kwenda. Hali hiyo ya kuwa huku na kule bila kukatika Dkt. Mansuri huiita mshikamano. Kompyuta mpya zinazotafutwa duniani zinategemea mshikamano huo udumu.

Tatizo ni kwamba mtu anataka kujua elektroni yuko wapi. Kwa hiyo kando ya nukta hupitishwa mkondo mwembamba wa umeme. Elektroni akiwa karibu, mkondo unapungua kidogo. Akiwa mbali, unaongezeka. Ukisoma mkondo umejua. Lakini mkondo ukishajua, mshikamano unavunjika, na hata kama hakuna binadamu anayetazama mita, unavunjika vilevile. Inatosha kwamba habari imetoka nje.

Na ukipima kwa nguvu, tena na tena, jambo la ajabu zaidi hutokea. Elektroni anakwama. Alikuwa ameshaanza kuhama, kidogo tu, kipimo kinamuuliza uko wapi, jibu linatoka "bado niko huku," na safari yote inaanza upya. Anaulizwa tena, anaanza upya tena.

Nilipofika hapo nilisikia ukumbini tasbihi ikidondoka punje moja moja. Nikaweka kalamu chini. Vyumba viwili, ukuta katikati, na mtu kakaa kando akiuliza kila asubuhi. Nimesoma jambo hili miaka mitatu, na limekuja kunikalia ukumbini.

Aprili 19

Leo kumepambazuka na jua kidogo. Hilal alipanda ngazi akafuta paneli ya sola kwa kitambaa, kama afanyavyo kila jua likitoka, na aliposhuka alisimama nje ya dirisha langu.

"Jua hili halidumu," akasema. "Fanya kazi zako sasa."

"Ahsante."

Hakuondoka. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye viwiko. Namjua, nimekaa naye miaka sita, nilijua neno limefika mdomoni. Bi Thuwaiba akaita kutoka ukumbini kwa furaha ya wazi kabisa: "Hilali! Umeshamrejea?"

"Bado, Mama," akasema, akachukua ngazi.

Nililia kwa hasira. Bibi wa watu ananitakia heri, na kwa heri hiyohiyo ananifukia.

Aprili 25

Nimezungumza na Bi Thuwaiba. Tulikuwa tunakuna nazi, mimi kwenye mbuzi, yeye anachuja tui.

"Mama, nakuomba kitu. Usimuulize Hilal tena kila siku."

"Nisimuulize? Mimi natafuta nini hapa ukumbini, mwanangu, na mgongo huu? Natafuta lile neno."

Nikamweleza. Sikuwa na njia nyingine, nikamweleza habari za nukta na elektroni, jinsi anavyoulizwa akiwa katikati ya safari na jibu likamrudisha mwanzo. Alinisikiliza kwa adabu, tui likidondoka kwenye vidole vyake.

"Na huyo elektroni ana mama?"

"Hana, Mama."

"Basi ndiyo maana hamumwonei haya kumchungulia." Akacheka, nami nikacheka, mara ya kwanza tangu Idi. Kisha akanitazama sana. "Wewe ndiye unayetaka niache?"

"Mimi ndiye."

"Haya. Sitauliza. Lakini ukumbini siondoki, hilo ni la dini."

Nikamshukuru. Nilijiona mwerevu, nasema kweli. Nilihisi kwamba kwa mara ya kwanza elimu yangu imenisaidia nyumbani.

Aprili 26

Shikamoo, marahaba, chai. Hakuna swali. Hilal alikaa na kikombe mkononi, akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Akanywa chai yake akaondoka.

Mei 1

Mvua kubwa. Paa linavuja juu ya meza yangu. Hilal aliingia kwenye dari akaziba kwa makuti na nailoni, na Bi Thuwaiba kakaa mlangoni kwangu muda wote, kimya, na uso wake unauliza. Sasa naelewa vizuri zaidi kile nilichokiandika: mita hata isiposomwa, mkondo unapita.

Mei 7

Hedhi ya pili. Imebaki moja.

Mei 11

Dada yake Bi Thuwaiba anaumwa huko Kirongwe. Barabara imepitika, kaenda kumuuguza. Kabla hajapanda pikipiki kamwamuru Hilal akalale kwa Mwalimu Hemedi hadi atakaporudi. Mchana Hilal anakuja: anajaza pipa la maji, anafuta paneli, anaongea nami akiwa nje na mimi ndani, dirisha kati yetu.

Mkeka umekunjwa. Ukumbi mtupu. Moyo wangu unadunda kama nimeposwa leo. Sasa hakuna anayepima, nikajisemea. Sasa mwachie.

Mei 14

Tumeongea leo kutwa nzima, kwa vipande, kati ya manyunyu. Alileta pweza akampiga kwenye jiwe nje ya dirisha, na huku akimpiga ananiuliza habari za kazi yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika miaka sita. Kumbe mama yake alimsimulia habari za elektroni, kwa namna yake. Nikamrekebishia.

"Kwa hiyo mnamwacha tu," akasema.

"Tunamwacha atulie. Ukimgusagusa kwa maswali unaiharibu hali yake."

"Na mtajuaje kama kafika, msipomuuliza?"

"Mwisho unapima. Mara moja tu, mwishoni."

"Mara moja mwishoni," akarudia. Pweza alikuwa ameshalainika, lakini Hilal aliendelea kumpiga. "Na anayengoja hapo katikati, haoni shida kunyamaza?"

"Anavumilia."

Akanipa pweza dirishani, vidole vyetu vikakaribiana, tukavirudisha. Nilimpika kwa nazi. Tulikula yeye barazani, mimi ndani, na nilikuwa na raha ambayo sikumbuki niliwahi kuwa nayo hata tulipokuwa tunakula sinia moja.

Kaelewa, niliwaza. Kaelewa kwamba simharakishi.

Mei 15

Nampenda. Nilikuwa nimesahau kuliandika.

Mei 19

Nilikwenda hadi karibu na mnara wa taa kutafuta mtandao wenye nguvu, nikaongea na Dkt. Mansuri. Sura ya tatu kairudisha.

"Nasma, umeandika kana kwamba kupima ni kuharibu tu. Ni nusu ya habari. Inategemea kasi ya kipimo na mazingira ya nukta. Kuna hali ambapo elektroni aliyekwama huhama upesi zaidi kwa sababu anapimwa. Hesabu iko palepale kwenye mlinganyo wako, umeikata mapema."

"Nilirahisisha."

"Umerahisisha kwa upande unaoupenda. Andika upya."

Nimerudi nimelowa na nimekasirika. Sura nimeiweka kando. Sina nafasi ya mlinganyo sasa.

Mei 22

Hilal alikuja, akajaza pipa, akaondoka. Maneno machache. Sikumsumbua.

Mei 24

Bi Thuwaiba karudi, dada yake hajambo. Katandika mkeka. Alinishika mkono akanitazama usoni, midomo imefumbwa kwa ahadi aliyonipa, na macho yamejaa swali. Nikatikisa kichwa. Akaenda kuswali, akakaa kwenye mswala muda mrefu.

Mei 26

Mama yangu Mwanaharusi kapiga kutoka Utende. Alikuwa katoka majini kwenye mwani na sauti imemkauka.

"Amesema?"

"Bado."

"Wewe umemuuliza?"

"Mama, nikimuuliza namrudisha nyuma."

"Nani kakwambia?"

Nikamwambia ni mambo ya kusoma. Akasema, "Baba yako mimi nilimuuliza kila kitu hadi anakufa. Muulize mwanamume, Nasma." Nikamwambia mtandao unakatika.

Mei 30

Mvua imepungua, kusi limeanza kupuliza juu ya minazi. Tumbo la chini linaanza kuniuma.

Jioni Hilal alisimama kwenye mlango wa ukumbi. Bi Thuwaiba alikuwa jikoni.

"Nasma."

"Naam."

Akasimama. Mimi nikasimama. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, "Je?" tu, herufi mbili, na nikauma ulimi kabisa. Nilijiambia: karibu, usimguse, karibu. Nilitazama chini ili hata macho yangu yasimuulize.

"Hakuna," akasema. "Nilidhani una la kusema."

"Hapana," nikasema. Na nilijivunia.

Juni 3

Hedhi ya tatu. Nimetoka eda.

Juni 4

Sijalala vizuri, lakini nitaandika yote.

Jana nilimwambia Bi Thuwaiba kwanza, kama inavyopasa. Aliketi kwenye mkeka akavuta ushungi usoni. Hilal aliporudi na kikapu cha nazi, mama yake akamwambia, "Mwenzio ametoka eda," na yeye akaweka kikapu chini polepole, kana kwamba ndani mna mayai.

Nilikuwa nimejifunika, nimekaa mlangoni pa chumba changu. Nikamuuliza. Sasa hapakuwa na cha kuharibu, nikamuuliza.

"Kwa nini hukusema?"

Alishangaa. Naapa alishangaa kweli. "Mimi? Wewe ndiye uliyemzuia Mama asiniulize."

"Ndiyo, ili..."

"Aliniambia siku ileile. Kasema, Nasma kaniomba nisikuulize tena. Basi nikajua."

"Ulijua nini, Hilal?"

"Kwamba unataka siku zipite kimya ukashike safari yako."

Akaendelea, anatazama nazi zake.

"Mama alipokuwa akiniuliza kila asubuhi, nilikuwa nasema bado, na moyoni nasema kesho. Nilikuwa na hasira, Nasma, uliniaibisha kwa ami, lakini kila nikisema bado hasira inapungua, naona haya kusema bado tena siku ya pili. Ile siku ya dirishani hasira ilikuwa imekwisha kabisa. Alipoacha kuniuliza, nikawa sina pa kuanzia. Mimi sijui kuanza, unanijua. Nikasema, basi, nitangoja aniulize yeye. Akitaka ndoa ataniuliza."

"Nilikuwa nakuachia nafasi."

"Nafasi ya nini? Nilikuwa nayo chumba kizima na magunia ya mbata."

Bi Thuwaiba alianza kulia, kwa sauti ndogo. Nikamwambia Hilal yote: kwamba elektroni niliyekuwa namlinda ni yeye, na jinsi nilivyouma ulimi ile jioni kwa kumpenda. Aliyasikiliza. Alipoelewa akakaa chini sakafuni pale alipokuwa, mkono kwenye paji la uso.

"Siku ile nilikuita," akasema, "ukatazama chini."

"Nakuuliza sasa," nikasema. "Mbele ya Mama. Unanitaka?"

"Sasa wewe si mke wangu. Sasa ni posa, na baba mdogo wako, na mahari, na kadhi."

"Najua. Unanitaka?"

"Nakutaka." Hakungoja hata kidogo. "Lakini siposi mwanamke mwenye tiketi ya Julai. Watu watasema nimekuoa upya ili nikuzuie, na watakuwa wamesema kweli."

"Nikisema siendi?"

"Usiseme." Aliinuka. "Usiseme hivyo mbele yangu, Nasma, kwa sababu nitakuamini. Halafu utakaa hapa Bweni miaka thelathini unanichukia kwa adabu. Nenda kasome."

"Nikirudi?"

Hakujibu. Sikumuuliza mara ya pili, na safari hii haikuwa kwa elimu. Niliogopa jibu.

Naumia mahali ambapo sikujua kuna mwili. Nilikuwa na mume aliyekuwa anangoja swali langu moja, na mimi nililificha kama zawadi.

Juni 5

Asubuhi nimeondoka kurudi kwetu Utende. Bi Thuwaiba alinifungia samaki wa kukaanga na bumunda, akanishika kichwa kwa mikono miwili akanisomea dua, hakuweza kuimaliza.

Gari ilikuwa pikapu ya Jumanne, kijana wa Kilindoni anayekuja Bweni kubeba nazi. Habari zetu hazijui. Hilal ndiye aliyenibebea mzigo. Alifunga begi la kompyuta kwenye nailoni mara mbili, akaliweka mbele miguuni kwangu, akafunga mlango, akaujaribu kama umeshika.

"Pale Kanga penye mashimo upite taratibu," akamwambia Jumanne. "Ana kompyuta."

"Wala usihofu, kaka," Jumanne akasema, anawasha gari. "Mkeo atafika salama."

Hilal alikuwa ameshika dirisha. Alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Mimi pia nilinyamaza. Gari ikaondoka na neno lile, "mkeo," likiwa limekaa palepale, hakuna aliyemsahihisha.

Nililia tangu Bweni hadi Kirongwe. Jumanne aliongeza sauti ya redio ili nisione haya, na kwenye mashimo ya Kanga alipita taratibu kama alivyoambiwa.